Mkunjo wa mahitaji: wapi unahama, wapi hauhami

Mdogo wangu, pole. Umesema uko kidato cha tano HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), uchumi ni somo jipya kwako, na mchoro wa mahitaji, ule mkunjo unaoonyesha watu wananunua kiasi gani kwa kila bei, ndio uliokuangusha kwenye jaribio. Hata mimi nilipata 28, tena nilikuwa nakariri usiku kucha.

Funga daftari uende sokoni. Tenga la nyanya likipanda bei, mama ntilie ananunua pungufu: hapo unasogea kwenye mkunjo uleule. Lakini mwisho wa mwezi watu wamepokea mishahara, bei ni ileile na nyanya zinaisha mapema. Hapo mkunjo wote umehamia kulia. Kwa hiyo jiulize kwanza: kilichobadilika ni bei ya bidhaa yenyewe au kitu kingine? Ukijibu hilo, nusu ya mada umeimaliza.

Unyumbufu, yaani kiasi ambacho wanunuzi wanaitikia bei ikibadilika, ufanyie hesabu kwa mkono. Bei ikitoka 1,000 hadi 1,200 (asilimia 20) na kilo zikashuka kutoka 50 hadi 45 (asilimia 10), gawa 10 kwa 20, unapata 0.5. Ni chini ya 1, yaani wanunuzi hawajali sana bei kubadilika.

Chora kila siku, na uandike majina ya mihimili; bei inakaa wima. Nilipoteza alama za bure hapo.

Maelezo yafikirie kwa Kiswahili, kisha yaandike kwa Kiingereza, maana mtihani hautakuhurumia. Ila kama asilimia zenyewe zinakusumbua, usijifiche: mfuate mwalimu wa hesabu wiki hii, kabla hamjafika mada ya gharama za uzalishaji.