Usimsagie mamako kidonge chenye ganda

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama waweza kumsagia mamako diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye uji, maana vidonge vyamkwama kooni. Usisage, hasa kama pakiti yasema ganda haliyeyuki tumboni.

Ganda lile si urembo. Ni polima: minyororo mirefu ya molekuli yenye vikundi vya asidi ubavuni. Tumboni, pH (kipimo cha asidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali) ikiwa 1 hadi 3, vikundi hivyo hushikilia hidrojeni zao na havina chaji; minyororo hujikunja ikashikamana kama kamba iliyorundikwa ndani ya ngalawa, maji yasipate pa kupenya. Kidonge kikifika utumbo mwembamba, pH 6 hivi, hidrojeni huachiwa na vikundi hubaki na chaji hasi. Chaji za aina moja hufukuzana, basi mnyororo hujinyoosha, maji huingia, ganda huyeyuka. Polima nyengine husubiri hadi pH 7, kwa dawa za utumbo mpana.

Ukiwa radhi kupoteza vidonge viwili, tia kimoja kwenye maji ya ndimu na kingine kwenye maji ya magadi. Baada ya saa moja cha ndimu utakikuta kizima bado.

Ukikisaga, diklofenaki yaenda kuchoma tumbo moja kwa moja. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ndiyo mbaya zaidi kuisaga, asidi huiharibu kabla haijafanya kazi. Na dawa ya kiungulia ya kuzima asidi papo hapo (antasidi) asinywe wakati mmoja na kidonge chenye ganda, yaweza kufungua ganda mapema.

Mwambie mfamasia kumeza kwamshinda, atafute ya maji au ya kupaka.