Maswali Yenu ya Kiingereza: "But" ya Ziada, Chumvi Nyingi na Pambizo za Insha

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro: Mwalimu, shikamoo. Kila nikiandika "Although it was raining, but we went", "but" inakatwa kwa kalamu nyekundu. Kosa liko wapi?

Marahaba. Kosa limetoka kwenye Kiswahili chako kizuri. Sisi husema "Ingawa mvua ilikuwa ikinyesha, lakini tulikwenda", na hakuna anayeguna. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja: ama "Although it was raining, we went", ama "It was raining, but we went".

Kosa hilo lina ndugu yake wa tumbo moja: "My father he went to town". Katika "baba alikwenda", ile a- lazima iwepo hata kama baba ameshatajwa, nawe ukaibeba ikageuka "he". Kwa Waingereza, "father" akishatajwa "he" hana kazi. Usione haya. Mimi kidato cha kwanza nilisimama mbele ya darasa nikamsifu babu yangu mwanzo mpaka mwisho nikimwita "she". "Yeye" yetu haiulizi mtu ni mume au mke.

Msomaji wa Mombasa: Mbona ni "a university" lakini "an hour"?

Sikiliza, usitazame. "University" huanza kwa sauti ya "yu". "Hour" h yake haitamkwi. Kwa hesabu hiyo hiyo ni "a European" na "an MP", maana M hapo husomwa "em".

Mtahiniwa wa kidato cha nne: Ni kweli kwamba kila penye "like" pana tashbihi?

Hapana. "She walks like her mother" ni ulinganisho wa kawaida, mtu kwa mtu. "She walks like a chameleon on a thin branch" ndiyo tashbihi, kwa sababu vimekutanishwa viumbe wa jinsi mbalimbali. Ondoa "like" useme "She was a chameleon on a thin branch", umeshahamia kwenye sitiari. Na kwenye mtihani usiishie kutaja jina la tamathali. Eleza kinyonga ameleta nini: ule mwendo wa kusitasita, mguu unaopimapima kabla ya kukanyaga.

Huyo huyo: Je, naweza kutafsiri nahau zetu?

Jaribu hii: "My grandfather has eaten a lot of salt." Sarufi ni safi, ila Mwingereza atadhani mzee ana shinikizo la damu. Mpe msomaji pa kushika: "My grandfather has eaten a lot of salt, as we say of the very old." Hapo imekaa. Mie naipenda kuliko "raining cats and dogs", ambayo nimeikuta kwenye madaftari mengi mpaka nimewaonea huruma hao paka na mbwa.

Msomaji aliyeanza chuo Marekani: Profesa anataka insha kwa mtindo wa MLA. Nianzie wapi?

MLA ni mtindo wa kupanga insha wa Modern Language Association, chama cha Marekani cha wasomi wa lugha na fasihi. Weka pambizo za inchi 1, yaani sentimita 2.54, pande zote. Fonti iwe ya kusomeka, saizi 12 haina ugomvi. Nafasi kati ya mistari iwe maradufu insha nzima, na usiruke mstari kati ya aya na aya. Badala yake ingiza ndani nusu inchi mstari wa kwanza wa kila aya. Juu kushoto andika jina lako, la profesa, la somo, kisha tarehe, kila kimoja na mstari wake. Juu kulia kila ukurasa upate jina lako la ukoo na namba.

Kichwa cha insha kikae katikati, bila wino mzito wala mstari chini yake. Najua, shuleni tulifundishwa kukipigia mstari kwa rula, tena miwili. Rula iache nyumbani.