Maswali na majibu: Malisho, moto na jembe katika Ngorongoro

Wasomaji kadhaa wameuliza ni kazi zipi zinazoruhusiwa kisheria katika nyika ya Ngorongoro, ambayo ni eneo la hifadhi na wakati huohuo ni malisho ya wafugaji. Nimeyajibu maswali yao moja baada ya jingine.

Kwa nini watu wanaishi Ngorongoro lakini hawaishi Serengeti, ilhali zote mbili ni hifadhi?

Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti na kupewa sheria yake yenyewe, ambayo leo ni Sura ya 284 ya Sheria za Tanzania. Hifadhi ya taifa haina wakazi, bali Ngorongoro, yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 8,300, iliwekwa chini ya Mamlaka inayopaswa kulinda wanyamapori na maliasili na pia kulinda maslahi ya Wamaasai wanaofuga humo. Hata hivyo, ruhusa ya kukaa haina maana ya ruhusa ya kila kitu, kwa kuwa sheria hiyohiyo inaipa Mamlaka uwezo wa kudhibiti makazi, malisho na matumizi ya misitu.

Je, bustani ndogo ya mahindi na maharage nyuma ya boma nayo imekatazwa?

Imekatazwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1975 yalipiga marufuku kilimo ndani ya eneo hilo, na hayakujali kama shamba ni ekari kumi au ni matuta matatu. Mwaka 1992 serikali ililegeza katazo hilo kwa sababu ya njaa, na wapo wanaoukumbuka ulegezaji huo kana kwamba ungali na nguvu, lakini tangu mwaka 2009 katazo limerudi. Naliona katazo lenyewe kuwa na msingi, kwa sababu ardhi ya malisho ikishapasuliwa kwa jembe huchukua miaka mingi kurudi ilivyokuwa. Lakini mfugaji aliyekatazwa kulima ni lazima awe na njia ya kupata nafaka kwa bei anayoimudu, na jambo hilo halipaswi kuachwa kwa bahati.

Mfugaji akiona majani yamekauka, anaruhusiwa kuyachoma?

Haruhusiwi kwa uamuzi wake mwenyewe, na swali hili ndilo zito kuliko yote. Nyika ile haikujitengeneza bila mkono wa mtu: kwa vizazi vingi wafugaji walichoma majani makavu ili kupunguza kupe na kupata machipukizi, na kwato za ng'ombe zikafanya sehemu yake. Katika nyanda za juu kuna majani ambayo Wamaasai huyaita makutian, yanayoota kwa vichaka vigumu kama waya. Ng'ombe huyala yakiwa machanga tu, na yasipochomwa wala kukanyagwa husambaa na kuyabana majani mazuri.

Wakazi wa sakafu ya kreta, yaani bonde kubwa la volkeno la Ngorongoro, waliondolewa mwaka 1974, na uchomaji ukakoma. Majani yakarefuka, na kupe wakapata pa kujificha. Baada ya ukame mkali wa mwaka 2000 na vifo vya nyati na wanyama wengine, ambavyo vilihusishwa pia na magonjwa ya kupe, mwaka 2001 uchomaji ulirudishwa kwa utaratibu, chini ya Mamlaka. Kwa hiyo mkazi anayeona haja ya moto aombe kibali kwa maandishi, akitaja eneo na wakati. Nami naisihi Mamlaka isikilize maombi hayo kwa makini, kwa kuwa wazee wanaoijua kila kona ya malisho yao wanazidi kupungua.

Ng'ombe wanaweza kushushwa kreta kulamba chumvi?

Kwa sasa hapana. Desturi hiyo ilidumu muda mrefu baada ya watu kuondolewa humo, lakini ilisitishwa kwa agizo la serikali katika miaka ya 2016 na 2017.

Na kuni?

Kuokota kuni kavu kwa ajili ya jiko la nyumbani ni jambo tofauti kabisa na kukata mti uliosimama. Anayehitaji miti ya kujengea aombe kibali kabla ya kunoa shoka.

Wakazi wa Ngorongoro waliohamia kijiji cha Msomera, Handeni, wanafungwa na makatazo haya?

Hapana. Sura ya 284 inaishia kwenye mpaka wa Ngorongoro, kwa hiyo katazo lake la kilimo haliwafuati huko.