Jibu: Kadi za picha hazimzuii mtoto kuongea
Pole na hongera kwa kuuliza, dada. Unahofia kadi za picha zitamfanya mwanao mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano) abweteke asiongee. Hapana. Tafiti zimeonyesha haziui usemi, na baadhi ya watoto huanza kutamka zaidi. Mbinu hii ya kubadilishana picha, yaani mtoto anakupa picha ya kitu ili apewe kitu chenyewe, waliibuni Andy Bondy na Lori Frost huko Marekani, mwaka 1985.

Anza na kitu anachokipenda mno. Wangu tulianza na ndizi: mimi nimeishika, baba yake kakaa nyuma anamwongoza mkono aniwekee picha kiganjani, nami nampa kipande papo hapo. Usimlazimishe kwanza "sema ndizi". Hapo wengi tunakosea. Msaada wa mkono upunguzeni kidogo kidogo hadi alete mwenyewe. Na anayekuuzia dawa ya kuponya usonji, mkimbie.