Mkorogo: usiuache kimyakimya, nenda na makopo yako kwa daktari

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kama uache mkorogo leo hii, maana harusi ni miezi miwili ijayo na ukikaa siku tatu bila kupaka uso unawaka moto na kutoka vipele. Nakujibu kama dada yako, niliyejichubua miaka sita hapa Mtwara mjini.

Moto huo si ngozi "kudai dawa yake", kama anavyokuambia anayekuuzia. Mikorogo mingi hutiwa steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, mfano klobetasoli. Ngozi ikishaizoea, ukiikata ghafla inalipuka. Mimi kila ikilipuka nilirudi kupaka, uso ukatulia, nikaamini inanifaa. Nilizunguka hivyo mara nne!

Kilichonizindua ni korosho. Nilikuwa nabangua kwa mama mkubwa, mafuta ya ganda yakanirukia mkononi. Wenzangu yaliwaachia doa tu, mimi nikapata kidonda. Nesi alipobandua plasta, ngozi ya pembeni ikatoka nayo, nyembamba kama kile kiwambo cha ndani ya kitunguu. Nilikaa wiki saba sijapona. Steroidi hukondesha ngozi, na ngozi iliyokonda hata mshono wa upasuaji haushiki vizuri. Wewe unakwenda kuanza uzazi, lifikirie hilo.

Kuna pia haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, na zebaki, zote marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Ya kwanza ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa kibuluu mashavuni, mgumu mno kuondoka. Zebaki hupenya hadi kwenye figo, na mtoto anaweza kuipata kwa mikono yako na taulo lako.

Kwa hiyo usirudi kupaka kwa kujiamulia, wala usijifungie ndani na huo moto. Beba makopo yote, hata yale yasiyo na lebo, umwone daktari wa ngozi wiki hii. Mimi alinipunguzia dozi ya steroidi taratibu kwa miezi kadhaa. Jua la huku unalijua, jifunike mtandio.

Na somo wako mwambie mapema: singo iishie shingoni, usoni asisugue kitu, hata liwa. Asione haya kuniuliza, nitamweleza mwenyewe. Ukipangiwa kuja Mtwara niandikie, nitakupokea stendi twende wote.