Taa za LED au za zebaki kwenye ofseti ya UV

Sheikh, umeuliza ipi bora, taa ya LED au ya zebaki, kwa kukaushia wino wa UV (ule unaokauka kwa mwanga wa urujuanimno) kwenye mashine ya kuchapa ya ofseti. Kwa ukali wa nukta ndogo zinazojenga picha na kwa rangi, zote mbili zinakwenda sawa tu, maana wino unakauka papo hapo kabla haujazama kwenye karatasi, tafauti inakuja kwenye joto. Taa ya zebaki inatoa joto jingi, na karatasi zetu huku Unguja zishakunywa unyevu khasa masika, zikipita chini ya taa zinakauka ghafla zinajikunja, ukizirudisha kuchapa upande wa pili rejista, yaani ule mpangilio wa rangi na kurasa kukaa pahala pake, ishahama, na plastiki nyembamba ndo balaa zaidi. LED joto lake dogo, haitoi gesi ya ozoni na haichoki upesi, ile ya zebaki nguvu inashuka kila ikizeeka kwa hiyo kazi ya mwanzo na ya mwisho zinaweza kutafautiana. Mie nasimamia mashine naliona hili kila siku. Ila tazama wino, LED nyingi zinatoa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 385 au 395 tu, ukitia wino wa UV wa kawaida, ule uliotengenezewa taa ya zebaki, unabaki unanata. Na kwa vanishi ya kung'aa bado naiamini zebaki, ina yale mawimbi mafupi yanayokausha uso vizuri.