Usioshe tangi la samaki kama unavyoosha sufuria

Samaki wangu wa kwanza wa dhahabu walikufa ndani ya tangi linalong'aa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningekuwa nimewatelekeza, ningeelewa. Lakini Jumamosi ile nilishinda nikiwafanyia usafi: niliwahamishia kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua changarawe mpaka mikono ikauma, nikaikamua sponji ya kichujio chini ya bomba hadi ikawa kama mpya. Nikajaza maji safi, nikawarudisha, nikakaa kuwatazama kwa furaha. Jumatatu walikuwa wameganda juu, vinywa vikifunguka na kufumba kwenye uso wa maji kana kwamba hewa imewaishia. Kufika Alhamisi sikuwa na samaki.

Ilinichukua muda kukubali kwamba usafi wenyewe ndio uliowaua. Samaki hutoa amonia mchana na usiku. Sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua yake, nyingine kwenye kinyesi na mabaki ya chakula yanayooza. Amonia ni sumu, nayo huunguza matamvua yale yale anayopumulia. Anayemwokoa ni bakteria. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa naitriti, ambayo bado ni sumu kwa kuwa huzuia damu kubeba oksijeni. Kundi jingine hugeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mradi isirundikane. Sasa, bakteria hawa hawako majini kwa wingi. Wameshikilia kwenye sponji, kwenye changarawe, kwenye kuta za kioo, yaani kila mahali nilipopitisha brashi siku ile. Waliosalimika walikutana na klorini ya maji ya bomba, ambayo huwekwa makusudi kuua vijidudu.

Ndiyo maana tangi jipya huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kabla halijatulia, na ndani ya wiki hizo ndipo samaki wengi wa watu wanaoanza hufa. Nunua kipimo cha maji mapema, kile cha matone, kabla hata ya kununua mapambo. Amonia isome 0, naitriti isome 0, naitreti isizidi miligramu 40 kwa lita. Macho hayatakusaidia hapa, kwa sababu maji yenye amonia ya kuua huwa maangavu kama ya kunywa.

Siku hizi nafanya kazi ndogo kila wiki badala ya kazi kubwa kila mwezi. Nazima kichujio, naingiza mpira wa kunyonya maji, na kuuzamisha mdomo wake ndani ya changarawe. Uchafu hupanda ndani ya mpira kama moshi wa kahawia, changarawe hurukaruka kidogo kisha huanguka yenyewe. Nikiona moshi umepungua, nahamia hatua moja pembeni. Sihangaiki kumaliza sakafu yote kwa siku moja; nusu ya kushoto wiki hii, nusu ya kulia wiki ijayo. Ndoo ikijaa, nimeshatoa kama robo ya maji, na hiyo inatosha. Samaki hawatoki ndani. Kuwakimbiza na wavu kunawachosha na kuwachubua ute unaowakinga na magonjwa, bila faida yoyote.

Maji ya kwenye ndoo hiyo usiyamwage bado. Humo ndimo sponji inapooshwa: ikamue mara mbili tatu, itoke tope, irudishe. Itabaki na rangi ya kahawia na ndivyo inavyotakiwa iwe. Mimi hufanya hivyo kila baada ya wiki 3 au 4, au nikiona maji yanatoka kwenye kichujio kwa unyonge. Sponji ikichakaa kabisa, weka mpya kando ya ile kuukuu kwa wiki kadhaa kabla ya kuitoa, ili bakteria wapate pa kuhamia.

Maji yanayoingia yatiwe dawa ya kuondoa klorini kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wengi tumezoea kuyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha. Klorini ya kawaida huondoka kwa njia hiyo, lakini baadhi ya mitambo ya kusafisha maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo hubaki hata ukisubiri siku mbili. Dawa ni njia ya uhakika zaidi. Gusa pia joto la maji: yawe sawa na yaliyomo ndani. Ndoo na mpira viwe vya samaki peke yake, visionje sabuni hata siku moja.

Kuhusu ule utando wa kijani kwenye kioo, ufute upande wa mbele upate kuona, upande wa nyuma uache. Haumdhuru samaki, tena yeye huudonoa. Ukizidi, ujue mwanga umezidi. Sogeza tangi mbali na dirisha na uwashe taa kwa saa chache. Maji yakiwa na ukungu mweupe katika tangi jipya, pima, badilisha robo, subiri. Ukishikwa na hamu ya kumwaga yote, kumbuka wangu.

Yote haya yatakuchosha bure kama tangi lenyewe ni dogo. Hapa nasema bila kupepesa macho: lile bakuli la duara si nyumba ya samaki wa dhahabu. Huyu ni wa ukoo wa samaki waitwao kapi, mlaji na mchafuzi mkubwa, na yule mwenye umbo refu anaweza kupita sentimita 20. Akitunzwa huishi miaka 10 hadi 15, wengine zaidi. Mmoja mwenye umbo la mviringo apewe lita 75, na kila anayeongezeka apewe kama lita 40 zake. Wale wa umbo refu wanafaa zaidi bwawani. Hahitaji hita, nyuzijoto 18 hadi 23 zinampendeza, na maji yakipata moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo siku za joto hakikisha kichujio kinatikisa uso wa maji.

Chakula nacho ni usafi. Samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo. Chakula hupita moja kwa moja kwenye utumbo, ndiyo maana haishi kuomba. Atakufuata kila upande wa kioo, atakutazama, na moyo utakulainika. Mpe kidogo mara moja au mbili kwa siku, kile atakachomaliza ndani ya dakika mbili, na kilichobaki kitoe.

Ukimwona amekunja mapezi, amelala chini, ana michirizi myekundu mkiani au anahema juu ya maji, usikimbilie dawa ya ugonjwa. Pima maji kwanza. Mara nyingi utakuta amonia au naitriti, na tiba ni kubadilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo, kisha robo kila siku mpaka kipimo kirudi 0, huku ukipunguza chakula.

Jambo moja la safari, maana huulizwa sana. Nikiondoka kwa siku tano au wiki, simwachii mtu kopo la chakula. Samaki mzima mwenye afya hukaa wiki bila kula, lakini mkono mmoja mkarimu unaweza kuchafua tangi zima kabla sijarudi. Nabadilisha maji jioni ya kuondoka, nalipunguzia tangi mwanga, nakagua kama kichujio kinavuma, nafunga mlango.